Kabla Mswada Haujafika kwa Majaji

Mwishoni mwa miaka ya 1950, chuo cha Chico State, kaskazini mwa California, kilikuwa na mwalimu kijana wa utunzi ambaye hakuwa amechapisha riwaya hata moja. John Gardner alikuwa ametoka kuhitimu shahada ya uzamivu Iowa, na miswada yake ilijaa maboksi ofisini. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Raymond Carver, kijana mwenye mke na watoto wadogo, asiye na pa kuandikia nyumbani. Gardner akampa ufunguo wa ofisi yake ili mwisho wa juma aingie na kuandika kwa utulivu.

Carver, alipokwisha kuwa mtunzi mkubwa wa hadithi fupi Marekani, aliyasimulia hayo katika dibaji ya On Becoming a Novelist, kitabu cha Gardner kilichotoka 1983. Wengi hukumbuka ule ufunguo. Jarida hili linaithamini zaidi kalamu. Kabla ya kuketi na mwanafunzi, Gardner alikuwa ameshaipitia hadithi yake sentensi kwa sentensi. Aliyoyafuta hayakuwa na mjadala. Aliyoyatia kwenye mabano ndiyo waliyoyazungumza, hadi alama za mkato. Muhula mzima mwanafunzi alidaiwa hadithi moja ya kurasa 10 hadi 15, na huenda akatakiwa kuiandika upya mara kumi.

Riwaya zake zilikuja kutoka: The Resurrection mwaka 1966, Grendel mwaka 1971, kisha October Light, iliyompatia tuzo ya National Book Critics Circle. Aliendelea kufundisha hadi alipofariki kwa ajali ya pikipiki Septemba 1982, akiwa na miaka 49.

Katika The Art of Fiction, kilichochapishwa baada ya kifo chake, limo zoezi moja ambalo kila mwandishi chipukizi angepaswa kulifanya. Eleza ghala la shambani kama linavyoonekana machoni pa baba ambaye mwanawe ameuawa vitani punde tu. Usimtaje mtoto, wala vita, wala kifo. Anayelijaribu huona mara moja kwamba maneno makubwa ya majonzi amenyang'anywa. Amebakiwa na mbao, mwanga na kutu ya bawaba, na majonzi yote hayana budi kupita humo. Gardner aliyajua majonzi ya shambani. Mwaka 1945, akiwa na miaka 11, alikuwa akiendesha trekta kwao Batavia, New York, mdogo wake Gilbert alipoanguka na kuuawa na mashine iliyokuwa ikikokotwa. Tukio hilo alilirudia katika hadithi yake Redemption, na ni vigumu kulisoma lile zoezi bila kumkumbuka mvulana huyo wa kwenye trekta.

Kalamu kama hiyo ya Gardner ndiyo inayokosekana kwetu, ingawa Kiswahili sasa kina tuzo zake. Ile ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, na Tanzania ikazindua Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2022. Zimewapa watunzi wetu heshima, fedha na njia ya kufika kwa mchapishaji, na zinastahili shukrani. Hata hivyo, majaji hupokea kazi iliyokwisha. Mshiriki asiyeshinda hurudi kwake bila kuambiwa sura ya tatu ilipwaya wapi, wala kwa nini mhusika wake anazungumza kama hotuba.

Wapo wanaoshikilia kwamba kipaji hakifundishwi. Na kiwe hivyo. Kuandika upya kunafundishika, na wanaoweza kukufundisha tunao: watunzi wa riwaya waliokwisha kuvunja na kujenga upya miswada yao wenyewe. Wanaombwa kusoma miswada ya wengine kama hisani, usiku, baada ya ajira zao. Tunapendekeza waandaaji wa tuzo wachague kila mwaka miswada michache iliyokaribia kushinda, kila mmoja ukabidhiwe mtunzi mzoefu aupitie na mwenyewe kwa miezi sita, na mtunzi huyo alipwe kutoka mfuko uleule unaomlipa mshindi.