Mei Si Mwezi

Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, umekunjwa na kufungwa katika pindo la kanga. Mwenyewe ni mama wa miaka arobaini na kitu, muuza pweza wa jioni hapa Wete, aliyepata kazi ya usafi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini Unguja. Aliuleta darasani baada ya kuutia saini, si kabla, na wala hakuja kulalamika. Alikuja na furaha yake. Alitaka nione kwamba ameusoma mwenyewe.

“Usafiri watanipa,” aliniambia, “ila mpaka Mei.”

Nikautafuta mstari wenyewe. “The employer may provide transport.” Mwajiri anaweza kutoa usafiri akipenda, asipopenda, hadaiwi. Mstari wa chini yake ulisema “The employee shall work additional hours as required.” Mfanyakazi ni lazima afanye kazi saa za ziada kila zitakapohitajika. Mwajiri kapewa “may”, mfanyakazi kapewa “shall”, na kurasa zote nne zilikwenda hivyo hivyo. Mama yetu alikuwa amelisoma neno la kwanza kuwa ni mwezi wa tano. La pili aliliruka, kwa sababu shali aijuayo yeye ni ya kujitanda mabegani.

Nani alimfundisha kwamba “May” ni mwezi? Mimi. Wiki tatu kabla nilisimama mbele ya ubao nikawaimbisha watu wazima, wengine wana wajukuu, Januari mpaka Disemba. Waliimba na makofi walipiga. Nikaandika kwenye ripoti kwamba somo limefanikiwa.

Kwa hiyo hasira iliyomo humu, sehemu yake najikasirikia mwenyewe. Nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu huko ni kuchambua sentensi za Kiingereza: nini kinabeba wakati, nini kinabeba amri, nani anatenda na nani anafichwa. Nilipoingia darasa la kisomo niliuacha ujuzi huo mlangoni pamoja na viatu. Niliambiwa, nami nikakubali, kwamba mtu mzima aliyekosa skuli anahitaji vitu vyepesi: rangi, matunda, siku za wiki. Uchambuzi ni wa chuo kikuu. Na mlangoni palikuwa na bandiko linalosema humu ndani ni Kiingereza tu.

Nasema mambo yote mawili, wepesi ule na bandiko lile, ni dharau iliyovaa nguo ya huruma.

Chukua kwanza kusoma kwenyewe. Kisomo chetu kimezoea silabi, na kwa Kiswahili silabi hazina mpinzani. Ukishajua ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, ndani ya miezi michache unasoma gazeti. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini Brazili, Paulo Freire na wenzake waliwasomesha vibarua wapatao 300 kwa njia hiyo: walichukua neno la Kireno, wakalikata, wakatoa silabi na ndugu zake. Kireno kinakatika hivyo. Kiswahili kinakatika vizuri zaidi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kule Bara watu walifundishwa kusoma kwa Kiswahili, na nadhani uzuri wa maandishi ya Kiswahili ulifanya nusu ya kazi ambayo sifa zake walipewa walimu.

Kiingereza hakikatiki hivyo. Andika ubaoni “pale”, “pole”, “mate”, “wake”, umwambie mwanakisomo asome. Atasoma barabara, kwa silabi, na atakachokisoma ni Kiswahili safi kabisa. Nimemwona mwalimu akisema “hapana” mara nne mfululizo kwa mtu ambaye hakukosea hata mara moja, bila ya kumpa sababu hata moja. Mtu mzima akiambiwa “hapana” bila sababu hafikirii kwamba njia ya mwalimu ina kasoro. Hufikiri kichwa chake ndicho kibovu, na Jumatano inayofuata hamwoni.

Sababu ipo, na inaelezeka kwa Kiswahili katika dakika tano. Ile “e” ya mwisho haisomwi. Kazi yake ni kuiamuru irabu iliyotangulia ibadilike. “Mat” ni kitu kimoja, “mate” ni kingine. Zamani ilitamkwa. Kisha matamshi ya Waingereza yakahama na maandishi yakabaki, hasa baada ya William Caxton kuleta mtambo wa kupiga chapa Westminster mwaka 1476 na tahajia kuanza kuganda. Nilipoeleza haya mara ya kwanza, bibi mmoja wa nyuma, ambaye kwenye daftari letu ameandikwa “hajui kusoma”, alisema, “Kumbe ni kama alifu.”

Nikamwomba aeleze. Akasema chuoni walifundishwa kwamba alifu ikifuata herufi yenye fataha haina sauti yake yenyewe, inavuta ile iliyo mbele yake. Si sawasawa kabisa, maana Kiingereza hakivuti tu, kinageuza sauti. Lakini ilikuwa karibu kuliko chochote nilichokisikia kwenye semina zetu za walimu. Huyu bibi kahitimu msahafu. Ametoka kwenye kijuzuu akafika mwisho, anasoma maandishi yanayokwenda kutoka kulia, na anajua jambo ambalo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu hawalijui: kwamba kutamka maandishi ni kazi moja na kufahamu maana ni kazi nyingine. Sisi tumemwandika hajui kusoma, kisha tukampa picha ya tofaa apake rangi.

Sasa bandiko. Wanaolitetea husema mtu hujifunza kuogelea kwa kutupwa majini. Mimi nimekulia pwani, na sijamwona mzazi anayemtupa mtoto majini. Humshika tumbo kwanza. Kwa mwanakisomo mkono huo wa tumboni ni lugha yake. Ukimnyang'anya, humwachii hata njia ya kukuuliza.

Na lugha yake si kitu cha kuonewa haya. Niliandika ubaoni neno moja: “hawajalipwa”. Nikawaambia tulifumue kama mkeka. Darasa zima likasimama mbele ya ubao. Ha, inakataa. Wa, ndio wao. Ja, jambo bado lakini linangojewa. Lip, tendo lenyewe. Halafu ile w ndogo, na a ya kufungia. Vipande sita. Chini yake nikaandika “They have not yet been paid”, maneno sita. Hayapangiki moja kwa moja. Ja peke yake imebeba “have” na “yet”, na w imegawana kazi kati ya “been” na umbo la “paid”. Lakini katika saa moja watu waliona kwamba Kiingereza kinatandaza chini, neno mbali na neno, kile ambacho sisi tunakifunga ndani ya neno moja. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza kwa nini kuna “been”. Waliniuliza w iko wapi, nami nikaonesha.

Tukabaki kwenye w hiyo. “Wages will be deducted.” Mshahara utakatwa. Muuza mandazi mmoja akauliza hapo hapo: “Na nani? Kwa kosa gani?” Sentensi haisemi. Imejengwa ili isiseme, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Huo ni uchambuzi wa muundo na maana. Huyo mama hajui neno “isimu” na hana haja nalo.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi kadiri ninavyosoma. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akachapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili. Humo aliifumua lugha yetu kiungo kwa kiungo, ngeli na viambishi vya vitenzi, akiwaeleza Waingereza wenzake kwa Kiingereza. Hakuna aliyebandika kibao mlangoni mwake kumkataza lugha ya mama yake. Kujifunza lugha ya mwenzio kwa kuichambua kupitia yako ilikuwa halali kwa askofu. Kwa muuza pweza imekuwa ni kuchelewesha somo.

Najua watakaosema muda hautoshi. Tuna saa nne kwa wiki, baada ya Alasiri, na wakati wa karafuu hata hizo hazipatikani. Ndiyo maana nauliza: nani katika darasa lile ameshindwa maisha kwa kutojua “purple”? “May”, “shall”, “unless”, “until”, “except”. Maneno haya madogo hayana picha ya kupaka rangi, na ndiyo yanayoamua nani atarudi nyumbani na shilingi ngapi. Tuanze na hayo, kwa Kiswahili, kutoka kwenye karatasi walizonazo wenyewe mikobani. Bandiko nilikwishalibandua. Liko nyuma ya daftari langu la mahudhurio, na mkuu wa mradi bado hajaliulizia.

Yule mama alikwenda Unguja, mkataba keshautia saini. Usiku kabla ya safari tulikaa naye barazani tukaupitia wote, “may” zote na “shall” zote, akazihesabu kwa vidole. “Shall” za kwake zilimaliza mikono yote miwili.

Mwezi uliopita alinitumia picha ya tangazo lililobandikwa jikoni: “Staff may only use the back gate.” Chini yake akaniachia ujumbe wa sauti, nyuma yake sahani zinagongana.

“Mwanangu, hii ‘may’ ulinambia ni ruhusa, inafungua. Mbona hapa, na huyu ‘only’ ubavuni mwake, imenifungia mlango wa mbele?”

Siku hiyo nilikuwa nimepangiwa kufundisha rangi.