Mwenye gari la turbo Goma aanze na breki, si na kelele

Katika barabara ya Kanyamuhanga mjini Goma, gari la turbo kama Subaru Impreza WRX husikika kabla halijaonekana. Wapo wamiliki ambao pesa yao ya kwanza huishia kwenye bomba la moshi ili mlio uwe mkubwa. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Goma ni mji mgumu kwa injini. Upo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, na turbo hulazimika kufanya kazi zaidi kufidia upungufu huo. Isitoshe, mji umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima uliolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Vumbi la mawe hayo husugua chuma kama msasa. Filta ya hewa ikaguliwe kila wiki mbili, kwani ikitoboka, vumbi hula mapanga ya turbo na kuta za silinda.

Oili ibadilishwe kabla ya kilomita 5,000. Dereva aliyetoka kukimbiza gari aiache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili turbo ipoe. Petroli ya vidumu vya kando ya barabara aiepuke, maana ni rahisi kuchanganyika na maji na uchafu.

Hata hivyo, injini ikifa hasara ni ya mwenye gari. Breki zikifa, hasara ni ya motari, msukuma chukudu na mtoto anayevuka kwenda shule. Maji ya breki hunyonya unyevu, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwenye tairi ya mtumba, mnunuzi asome tarakimu nne za ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyozeeka huweza kupasuka hata kama meno yake bado ni marefu.

Wengine watasema pesa haipo. Ni kweli: tangu M23 walipouteka mji Januari 2025, benki zilifunga milango na maisha yamekuwa magumu. Lakini ugumu huo haupunguzi kasi ya gari lisilo na breki. Asiyeweza kununua pedi za breki na tairi nzuri hana uwezo wa kumiliki gari la kasi, hata kama aliweza kulinunua. Auze, achukue dogo analoweza kulitunza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabarani ufa ukiachwa, kinachofuata ni kaburi.