Wanafunzi Wetu na Somo la Hilful-Fudhuul



Ndugu Waislamu, minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, na vyuo vikuu navyo hufungua milango yake kati ya Oktoba na Novemba. Hivyo mzazi wa Masasi au Newala hudaiwa ada wakati mali yake ingali ghalani, ikisubiri mnunuzi na malipo. Katika msimu wa 2018/19, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa bei ya Sh. 3,300 kwa kilo, wapo wakulima waliosubiri fedha zao kwa miezi mingi. Kalenda ya chuo haikuwasubiri watoto wao.

Mwanafunzi afikwapo na hali hiyo hubisha hodi kwa mhasibu peke yake, mkononi ana barua ya kuomba huruma. Mwenzake wa kijiji kile kile, aliye katika chuo cha jirani, hufanya vivyo hivyo, na hakuna kati yao ajuaye habari za mwingine. Vijana wetu wametawanyika: wako Chuo cha Ualimu Kitangali, vyuo vya afya vya Masasi na Newala, Stella Maris pale Mtwara, na wengine Morogoro, ambako Sokoine, Mzumbe na Chuo Kikuu cha Waislamu vimo katika mkoa mmoja. Wengi wamo katika vikundi vyenye darsa na futari zake, na hilo ni jema. La kusikitisha ni kuwa vikundi hivyo hukutana, vikasalimiana na kuagana bila ya azimio hata moja la kutekelezwa kwa pamoja.

Tusidhani kuwa dawa ni mgomo. Novemba 2008 wanafunzi wa vyuo vikuu kadhaa vya umma waligomea masomo wakidai mikopo ya asilimia mia moja. Vyuo vikafungwa nao wakarudishwa majumbani. Katika mkasa wa namna hiyo anayeumia zaidi ni mtoto wa maskini, asiye na nauli ya kurudi. Kinyume chake, mwaka 2012 Waislamu walihoji matokeo ya kidato cha sita ya somo la Maarifa ya Uislamu. Baraza la Mitihani likakiri kasoro ya ukokotoaji na kuyarekebisha. Hoja yenye hesabu haifungiwi geti.

Watauliza baadhi yetu: vipi kijana wetu aketi meza moja na wa tarika, au na Mkristo wa Ndanda? Jibu limo katika Sira. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa mali yake Makka na mkubwa wa Kikureshi. Baadhi ya koo za Kikureshi zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila mwenye kudhulumiwa mpaka apate haki yake. Mtume (S.A.W.) alihudhuria kiapo hicho kabla ya kupewa utume, na baadaye, akiwa Mtume, akasema kuwa lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Watu wale walikuwa washirikina. Aya ya 2 ya Sura Al-Maida nayo imetuwekea mpaka: tusaidiane katika wema na uchamungu, si katika dhambi na uadui. Kudai haki ya ada si kukubaliana katika ibada. Harakati yetu nayo ikiri kuwa mara nyingi imezifanya khitilafu za maulidi na mazishi kuwa ukuta hata pasipohitaji ukuta.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kila kikundi kiteue wajumbe wawili, kaka na dada, wakutane kila muhula, mara Masasi mara Newala. Waandike mkataba mfupi wa mambo machache tu: ada, mikopo na vyeti. Kila chuo kiweke orodha ya waliozuiwa mitihani kwa ajili ya ada, ili wakuu wa vyuo waombwe kwa pamoja, kwa takwimu, kupanga malipo kwa awamu zinazofuata msimu wa korosho. Na wakati wa likizo wawasaidie wahitimu wa kidato cha sita kuhakiki RITA vyeti vya kuzaliwa, na yatima vyeti vya vifo vya wazazi wao, kabla dirisha la Bodi ya Mikopo halijafungwa.

Misikiti itoe ukumbi, chakula na dua, isitoe amri. Fedha za wanasiasa zikataliwe hata zikija na tabasamu.

Wakazi wa Newala wanajua kuwa maji ya Mitema hayaupandi mlima yenyewe, husukumwa. Haki ya watoto wetu nayo iko bondeni, na mikono ya kuisukuma ni hii yetu.