Pointi Zetu ni Deni, Si Sadaka

Kila mara benki inapopunguza marupurupu ya kadi zake, au shirika la ndege linapopandisha idadi ya maili zinazohitajika kwa tiketi moja, au kampuni ya simu inapotangaza kwamba pointi za wateja zitakufa tarehe fulani, sisi hufanya jambo lile lile. Siku ya kwanza tunatukana. Siku ya pili tunaapa kuhama. Siku ya tatu tumerudi kwenye foleni, kadi ile ile mkononi, tukinong'ona kwamba wenye nguvu hawashindiki. Hasira yenyewe siilaumu. Ninachokilaumu, na ambacho kimenichoma moyo kwa muda mrefu, ni namna tunavyokasirika. Tunalia kama maskini aliyezoea kupewa sadaka mlangoni, kisha siku moja akaukuta mlango umefungwa. Ndugu zangu, hatukupewa sadaka. Tulinunua, tukalipa, na kilichosalia mikononi mwa kampuni ni deni. Ahadi ni deni, walisema wazee, na dawa ya deni ni kulipa.

Mama anayenunua mahindi katika soko la Kakamega hahitaji kufundishwa haki hii. Muuzaji akimpimia gorogoro, yeye hutazama kama mahindi yamerundikwa hadi yakafanya kilele juu ya mdomo wa mkebe, au yamefutwa kwa kiganja yakawa sawasawa. Akishuku jambo, anaugeuza mkebe juu chini na kupitisha vidole kwenye kitako, aone kama kimebonyezwa kwa ndani. Akikuta kimebonyezwa, haombi kuhurumiwa. Anasema, "Ongeza," na muuzaji anaongeza, kwa sababu wote wawili wanajua kwamba bei ni ya mkebe mzima. Mama huyu huyu, akisoma kwenye simu kwamba pointi zake zimepunguzwa thamani, anashusha pumzi na kusema, "Basi, zilikuwa za bure." Nani aliyemwambia zilikuwa za bure?

Tuulize basi, marupurupu haya hulipwa na nani? Mwenye kadi ya mkopo anapolipia bidhaa dukani, mwenye duka hukatwa ada na benki katika kila mauzo. Mwenye duka naye si mjinga. Ada ile huiingiza katika bei ya sukari na sabuni. Benki hujumlisha ada hiyo, riba ya wanaochelewa kulipa na malipo ya kila mwaka ya kadi, kisha sehemu ya pato hilo inatumiwa kununua maili kutoka kwa shirika la ndege, na maili hizo ndizo anazopewa mteja huku akiambiwa asante kwa uaminifu wako. Hata yule aliyelipa kwa pesa taslimu katika duka hilo amechangia bila kujua. Na kama bado mtu anadhani maili ni peremende za kumfurahisha mtoto, atazame yaliyotokea Marekani mwaka 2020, janga la Corona lilipozilaza ndege viwanjani. Shirika la United lilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus. Delta likafuata mnamo Septemba kwa dola bilioni 9, rehani ikiwa SkyMiles. Mwaka 2021 American likakopa dola bilioni 10 kwa mgongo wa AAdvantage, mpango ulioanzishwa mwaka 1981. Hakuna mkopeshaji anayepokea upepo kuwa rehani. Walichokipokea ni uaminifu wa wateja, ule ule ambao wateja wenyewe tunauhesabu kuwa si kitu.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika vitabu vya hesabu vya kampuni zenyewe. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018 na ambayo kampuni zetu zilizo katika Soko la Hisa la Nairobi huifuata, inasema kwamba kampuni ikiuza huduma na kumpa mteja pointi zenye thamani, sehemu ya pesa alizolipa isihesabiwe kuwa mapato bado. Iwekwe upande wa madeni, mpaka mteja azitumie pointi hizo au muda wake uishe. Sikilizeni vizuri hapo mwisho. Siku pointi zinapokufa, deni linafutika na kugeuka mapato. Mteja anapoteza, na kampuni inaandika faida bila kuuza kitu chochote siku hiyo. Kwa hiyo mbele ya mkaguzi wa hesabu kampuni inakiri kwamba inadaiwa. Mbele ya mteja inajifanya imetoa zawadi. Haiwezi kuwa na ndimi mbili. Sisi ni watu wa Mungu. Anayesali kanisani Mukumu na anayeswali msikitini Mumias wamefundishwa sawa kwamba kupunja kipimo ni dhambi, na dini zote mbili zinawaonya vikali wenye mizani ya hila.

Je, kudai kunasaidia? Kunasaidia sana, na mifano ipo. Mnamo Septemba 2023 shirika la Delta lilitangaza kwamba wenye kadi yake ya bei ya juu, ile ya Reserve inayotolewa na American Express, ambao walikuwa wakiingia kumbi zake maalumu za kusubiria ndege bila kuhesabiwa, watahesabiwa mara 10 tu kwa mwaka, na wenye kadi ya Platinum ya American Express yenyewe mara 6. Ngazi za hadhi nazo zikapandishwa bei. Wateja waliokuwa waaminifu kwa miaka mingi walifura. Waliandika, walipiga simu, na wengine wakarudisha kadi. Mwezi ule ule mkuu wa shirika hilo, Ed Bastian, akakiri hadharani mjini Atlanta kwamba huenda walikuwa wamevuka mpaka. Oktoba masharti yakalegezwa: mara 15 badala ya 10, na 10 badala ya 6. Hawakurudishiwa vyote, lakini walirudishiwa kitu, kwa sababu walisimama kama watu waliolipa.

Tusidhani hayo ni ya Marekani peke yake. Hapa kwetu Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, na mteja amekuwa akipata pointi moja kwa kila shilingi 10 anazotumia kupiga simu. Kwa hesabu hiyo pointi 1,000 ni ushahidi wa shilingi 10,000 zilizokwisha kutoka mfukoni. Mnamo Oktoba 2022 kampuni ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2023, pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa. Nchi ikalipuka kwa malalamiko, na kelele zilipozidi kampuni ikasitisha mpango huo. Nawasifu Wakenya kwa hilo. Siku zile mlinyoosha mgongo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mlionyesha kwamba vidole milioni vikikutana hata jabali hutikisika.

Lakini baada ya sifa, sharti niwakemee. Tulipoambiwa pointi hazitafutwa, tulifanya nini? Tulilala. Hatukudai sheria, hatukudai mkataba ulioandikwa, hata hatukupiga *126# kuzitumia. Wengi wetu tunaziweka pointi kama shamba la urithi, ilhali hazizai wala hazikui, na kila bei zinapopanda dukani thamani yake inapungua. Ni hivyo hivyo kwa wasafiri. Kenya Airways, baada ya miaka mingi ndani ya Flying Blue ya Air France na KLM, ilianzisha mpango wake wenyewe, Asante Rewards. Ni wangapi kati ya wanaopanda ndege Kisumu kwenda Nairobi na kwingineko waliosoma kanuni za mpango huo mpya kabla ya kuutegemea? Kijana anachukua kadi ya benki kwa sababu ameambiwa ataingia ukumbi wa wakubwa katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Karatasi za masharti, zenye maandishi madogo kama mchanga, anazitia sahihi bila kufungua ukurasa wa pili. Mwaka ukipita, anaambiwa ukumbi ni mara mbili tu, na anapiga ukelele wa kuibiwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na majuto ni mjukuu.

Atatokea mtu aseme: masharti yenyewe yanaeleza kwamba kampuni inaweza kuyabadilisha wakati wowote, na mteja ametia sahihi, analalamikia nini? Nitamjibu kwa haki, maana Mgala muue na haki yake mpe. Kampuni ina ruhusa ya kubadilisha yajayo. Gharama zikipanda, au kumbi zikijaa hadi watu wakakosa viti, kama Delta walivyojitetea, iseme mapema: kuanzia mwaka ujao, anayetumia kadi hii atapata kidogo kuliko zamani. Mteja aliye huru ataamua kubaki au kuondoka. Lakini yaliyopita yamekwisha kulipiwa. Mtu aliyekusanya maili 50,000 kwa ahadi ya tiketi hawezi kuambiwa leo kwamba tiketi ile ile ni maili 80,000, halafu akaonyeshwa sahihi yake. Na aliyelipa ada ya mwaka mzima kwa sababu ya ukumbi, ukumbi ukiondolewa katikati ya mwaka, arudishiwe pesa zake. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Sahihi chini ya maandishi madogo haiwezi kuifuta Katiba.

Mwingine atasema: haya ni malalamiko ya matajiri, mwendesha bodaboda wa Lurambi ana habari gani na ukumbi wa ndege? Huyo anakosea mara mbili. Kwanza, bodaboda huyo ana laini ya simu, na pointi zake zinahesabiwa kwa kanuni ile ile. Pili, maradhi haya ya kuliona deni kuwa hisani yamewamaliza maskini kuliko matajiri, na hapa siwezi kupita bila kulitema lililonikaa kooni. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Mwaka 2001 hisa zake zikauzwa kwa umma, na wananchi wa kawaida wakanunua. Mnamo Septemba 2019 benki ya KCB ikakiweka chini ya mrasimu. Katika miaka ile ya kuporomoka, mkulima aliyepanda, akapalilia na kungoja karibu miezi 18 hadi muwa ukomae, aliupakia kwenye trela akarudi nyumbani na karatasi tu. Watoto walifukuzwa shule kwa karo huku baba anadai. Na kila mwanasiasa alipokuja kutangaza kwamba sehemu ya malimbikizo itatolewa, tulimpigia isikuti, tukamchezea, tukamshukuru kama aliyetoa mfukoni mwake! Hasira tunayoimwaga kwa ajili ya kiti laini uwanjani ilikuwa wapi siku hizo? Aliyekulipa deni lako baada ya miaka hajakupa zawadi. Anastahili kuulizwa riba iko wapi. Taifa linaloshukuru kwa kulipwa jasho lake litapunjwa na kila mtu, kuanzia kiwandani mpaka kwenye ndege.

Basi tuache kulia, tufanye kazi. Kila mwenye kadi au laini asome masharti, hasa mistari inayosema pointi zinakufa lini, nani anaweza kuyabadilisha, na mteja atapewa notisi ya muda gani. Atumie pointi mapema. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichojaa kinapaswa kupikwa. Marupurupu yakipunguzwa, aandike barua kwa kampuni akitaja tarehe aliyojiunga, ada aliyolipa na ahadi aliyopewa, na nakala ahifadhi. Asipojibiwa, aipeleke mbele: Benki Kuu kama ni benki, Mamlaka ya Mawasiliano kama ni simu, Mamlaka ya Ushindani kwa biashara yoyote iliyomhadaa mteja. Wanaodai pamoja wana sauti kuliko anayedai peke yake, na sisi tuna vyama vya ushirika, vyama vya walimu na makanisa ambayo yanaweza kuandika barua moja yenye sahihi elfu. Wabunge wetu nao, wanaotujia kila Jumapili na bahasha za harambee, tuwadai sheria ya mistari michache: pointi iliyokwisha kupatikana isipunguzwe thamani, isifutwe bila notisi ya mwaka mzima, na ada irudishwe pale huduma inapoondolewa. Kampuni zenye uaminifu hazitaumizwa na sheria hiyo, maana haidai lolote zaidi ya yale ziliyoahidi zenyewe. Na sisi tuliolipa tuzungumze nazo kama wadai, kwa adabu na kwa hesabu mkononi, mpaka senti ya mwisho.