Kiboko si Uimarishaji Hasi

Nimechoka kusikia kwamba istilahi za saikolojia ni za kukariri usiku wa kuamkia mtihani, kisha mtu azisahau. Wengi wetu tunaosomea ualimu hapa Uganda husema hivyo, na baadhi ya wakufunzi hawatukatazi. Mimi nasema istilahi moja ikieleweka vibaya huchapa watoto. Nimeiona ikiwachapa.

Istilahi yenyewe ni uimarishaji hasi. Muulize mwanafunzi wa ualimu aliye karibu nawe maana yake, na usishangae akijibu kwamba ni adhabu. Mwombe mfano, atakutajia kiboko. Hata mimi nilijibu hivyo mwaka wa kwanza, nikawekewa alama ya vema. Alama ile inanikera hadi leo.

B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alimweka panya ndani ya kisanduku ambacho sakafu yake ilipitisha umeme. Panya alihangaika huku na huku mpaka akagonga kipini kwa bahati, umeme ukakatika. Baada ya mara kadhaa, akawa anakikimbilia kipini mara tu umeme unapowashwa. Kitendo cha kubonyeza kipini kimeimarika kwa sababu kimeondoa maumivu. Hiyo ndiyo maana ya hasi hapa: kutoa, kama tunavyotoa katika hesabu. (Nilipoanza kujifunza Kiswahili, nilijua kuhasi tu, yaani kumfanya fahali awe maksai, kwa hiyo niliamini kwamba jambo hili lazima liwe la kutisha.) Uimarishaji wowote, uwe chanya au hasi, huongeza tabia. Adhabu huipunguza. Nikishusha chandarua, mbu hawanifikii, na kesho nitakishusha mapema zaidi. Nani ameniadhibu hapo?

Kiboko hakiondoi kitu, kinaleta. Kwa hesabu ya Skinner, kiboko ni adhabu chanya. Najua jina hilo linachekesha, lakini ndivyo lilivyo.

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mwalimu niliyekabidhiwa kwake alikuwa mtu mkarimu, aliyenigawia chakula chake mchana, na alitembea na fimbo. Siku moja nikamwambia kwa adabu, "Mzee, sheria ya watoto ilirekebishwa mwaka 2016, viboko shuleni ni marufuku." Akatabasamu. "Kijana wangu, mbona hata katika saikolojia yenu kimo? Si mnakiita uimarishaji hasi?" Nilinyamaza. Ningemjibu nini, nami nilipewa vema kwa jibu lile lile?

Nikaanza kuangalia vizuri zaidi. Darasa linapiga kelele, mwalimu anachapa wawili, kelele zinakoma. Kesho kelele zinarudi, naye anachapa tena, safari hii mapema zaidi. Tabia ya nani imeimarika? Si ya watoto, maana kelele zao hazikupungua wiki zote nilizokaa pale. Iliyoimarika ni ya mwalimu. Kelele ndizo umeme wake na fimbo ndiyo kipini. Uimarishaji hasi ulikuwamo darasani kweli, ila aliyekuwa akifundishwa nao ni mzee wangu mwenyewe.

Na hakuwa peke yake. Mvulana mmoja aliyekuwa akichapwa kila anapochelewa naye aligundua kipini chake: siku akichelewa, anageuza njia na kurudi nyumbani. Hakuna lango, hakuna fimbo. Katika daftari la mahudhurio aliandikwa mtoro. Mwanafunzi anayeijua istilahi hii sawasawa angeona kilichomfundisha utoro. Asiyeijua angependekeza aongezewe viboko.

Wapo watakaosema kwamba hata jina likikosewa, kiboko hufanya kazi, na kwamba sisi sote tulichapwa tukafaulu. Basi wakiite adhabu, wasimame nayo mbele ya sheria, bila kuivalisha fimbo koti jeupe la maabara. Tena wasimtaje Skinner, kwa kuwa alikuwa mpinzani wa adhabu. Katika kitabu chake Science and Human Behavior cha mwaka 1953 alieleza kwamba adhabu huzuia tabia kwa muda tu, kisha huacha hofu na madhara mengine nyuma yake. Na hao waliochapwa wakafaulu ndio tunaowaona. Waliochapwa wakaacha shule hawako darasani kutusimulia.

Sidai kwamba neno moja ndilo lililoleta fimbo. Fimbo ilikuwapo kabla ya Skinner, na darasa lililojaa kupita kiasi linachosha. Lakini fimbo iliyokwisha pata jina la kitaalamu ni ngumu kumnyang'anya mtu. Ningependa tuseme uimarishaji wa kuongeza na uimarishaji wa kuondoa, maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tano angeyaelewa. Na mtihani uache kuuliza fasili tupu. Utoe kisa, uulize ni tabia ya nani imeongezeka na ni kitu gani kilichoondolewa.

Niliporudi chuoni nilimwendea aliyenisahihishia, nikamwomba aifute alama yangu ya vema. Alicheka, akaniambia mtihani ule ulishapita. Mwezi ujao kundi jipya linakwenda mazoezini, na madaftari yao yamenakiliwa kutoka kwa yetu.