Shokapu za mbele hazikadiriwi kwa macho
Kutoka Lushoto kushuka Mombo kupitia Soni ni kona juu ya kona, na bodaboda ikifunga breki na abiria mgongoni, uzito mwingi huegemea shokapu za mbele. Ndiyo maana naumia nikiona fundi akifunga shokapu ya pikipiki ya cc 150 kwenye ya cc 125, eti zinafanana. Pima unene wa bomba, urefu na ekseli. Badilisha zote mbili pamoja, springi zilingane, oili iwe sawa kushoto na kulia. Bomba likiwa jembamba kwa milimita moja tu, sili huvuja, oili ikachuruzika na vumbi jekundu hadi kwenye breki. Ndugu zangu madereva, rahisi ni ghali.