MWALIMU WA TIMU HAPIMWI KWA PASIPOTI

Mtakumbuka mambo ya mwezi Septemba 2025. Ilipofika habari kwamba Fadlu Davids wa Afrika Kusini, mwalimu wa Simba, ameiacha timu na kwenda Raja Casablanca ya Morocco, kijiji chetu kiligawanyika. Nusu walikaa kama waliofiwa, nusu walikuwa wanacheka. Jioni ile ile, hapa hapa mbele ya ubao huu, ukaanza mkutano ambao haukuitishwa na mtu yeyote wala haukuwa na mwenyekiti. Ajenda ilikuwa moja tu: nani aje kuifundisha Simba?

Sisi tulikuwapo. Tulisikiliza mpaka taa ya dukani ikazimwa. Asubuhi tukakuta ubao umeandikwa majina ya makocha kwa mkaa, juu kabisa ya bei za mbegu. Hayo tuliyafuta kwa kitambaa yakafutika. Lakini liko jambo ambalo kitambaa hakikuliweza. Watu wawili, mtu na shemeji yake, ambao kila mwaka hulima kwa ushirika, mmoja ana plau na mwingine ana maksai, walitukanana mbele ya watoto. Mvua za kwanza zikanyesha, plau imelala kwa huyu na maksai wamesimama kwa yule. Mashamba yote mawili yakachelewa. Kisa ni nini? Mmoja kasema aje Mzungu, mwingine kasema apewe mzalendo.

Ndipo tukaona hatuna budi kuandika. Hatuandiki ili kuwakataza watu mpira. Mpira ni burudani na ni afya, na siye wenyewe tunayo timu tunayoipenda. Hatutaitaja hapa kwa sababu mnaijua. Tunaandika kwa sababu mjadala ule ulikuwa na hoja nzuri ndani yake, ila zilizama katika kelele. Hebu tuzitoe zikauke juani, kila mtu azione.

Wabishi walikuwa kambi tatu.

Kambi ya kwanza ilitaka mgeni wa kutoka mbali, Ulaya au Amerika ya Kusini. Hawa walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakamtaja Patrick Aussems wa Ubelgiji, aliyeifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, na Didier Gomes wa Ufaransa, aliyefika hapo hapo mwaka 2021.

Kambi ya pili ilitaka Mwafrika mwenzetu anayelijua joto letu na viwanja vyetu. Wakamtaja Fadlu mwenyewe, aliyeifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025, ingawa RS Berkane ya Morocco ilishinda kwa jumla ya mabao 3 kwa 1. Wakamtaja na Nasreddine Nabi wa Tunisia pale Yanga. Yeye alifika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2023, akatoka 2 kwa 2 na USM Alger ya Algeria, kombe likamponyoka kwa hesabu ya mabao ya ugenini.

Kambi ya tatu ilitaka mzalendo. Majina yalikuwa mawili: Juma Mgunda na Hemed Suleiman, ambaye watu humwita Morocco.

Sasa ndugu, kila kambi ilikuwa na ukweli mkononi. Kosa lilikuwa moja, na lilikuwa la kambi zote tatu: zilimpima mwalimu kwa pasipoti yake. Huyu wa kwetu, huyu wa kwao, basi, hoja imefungwa. Mtu anayenunua jembe haulizi limetoka nchi gani peke yake. Huligonga asikie mlio wake, akatazama mpini, akauliza waliokwisha kulitumia.

Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofanya katika kisomo chetu cha jioni. Tangu Julai 2018 alipokuja Aussems mpaka Septemba 2025 alipoondoka Fadlu ni miezi 86. Katika muda huo Simba ilikuwa na walimu wakuu wageni wanane: Aussems, Sven Vandenbroeck, Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha na Fadlu. Gawanyeni miezi 86 kwa 8. Kila mmoja hapati hata miezi 11! Mtoto wa ng'ombe huchukua muda unaokaribia huo mpaka kuzaliwa na kusimama sawasawa. Halafu siye tunataka timu nzima izaliwe, isimame na ikimbie katika muda huo huo.

Waliopitisha mwaka ni watatu tu: Aussems, Sven na Fadlu. Aussems alichukua ubingwa wa ligi, Sven naye akauchukua, Fadlu akafika fainali ya Afrika. Kuna atakayesema, mbona Gomes alichukua ubingwa mwaka 2021 bila kutimiza mwaka? Ni kweli, hatufichi. Lakini Gomes aliikuta timu iliyokwisha kulelewa na wenzake wawili. Alipanda juu ya ngazi iliyokuwa imesimama.

Baada ya Fadlu, Oktoba 2025 alichukuliwa Dimitar Pantev wa Bulgaria. Mwaka haukuisha, naye akawa ameondoka. Wale waliokuwa wanamwimba Oktoba ndio hao hao waliokuwa wanamzomea Desemba. Hii si tabia ya upande mmoja tu. Kule Jangwani, Yanga nao walimwachisha kazi Romain Folz wa Ufaransa Oktoba hiyo hiyo, baada ya kufungwa bao 1 kwa 0 na Silver Strikers ya Malawi. Alikuwa ameanza kazi Julai.

Hapa ndipo kijana mmoja alipotubana, na tunamsifu kwa kutubana. Alisema: "Mzee, mbona msimu wa 2024/25 Yanga walikuwa na walimu watatu, Gamondi, Ramovic na Hamdi, na bado wakachukua ubingwa?" Kweli tupu. Tulinyamaza kidogo, tukaenda kulala nalo, na jibu letu ni hili. Yanga ule ulikuwa ubingwa wao wa nne mfululizo. Wachezaji walikuwa wamezoeana, na nyumba ilikuwa na nguzo zilizochimbiwa tangu siku za Nabi, aliyekaa zaidi ya miaka miwili. Nyumba yenye nguzo unaweza kubadili mlango mara tatu, isianguke. Nyumba isiyo na nguzo, hata ukitia mlango wa mvule, upepo utaibeba na mlango wake. Kwa hiyo kijana yule katusaidia kuona jambo kubwa zaidi: kabla hatujauliza nani aje, tuulize anakuja kukuta nini.

Tuje sasa kwa wazalendo, maana hapa ndipo roho zinapochemka, na hapa sisi tunayo ya kusema.

Septemba 2022 Simba iliachwa na Zoran Maki baada ya muda mfupi tu. Nyumba ilikuwa inaungua, wakamwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union ya Tanga. Mgunda hakuuliza moto umeanzia wapi. Aliitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akaenda Luanda akaifunga De Agosto 3 kwa 1, akairudia nyumbani 1 kwa 0, akaiingiza Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa Robertinho wa Brazil kuwa mwalimu mkuu, Mgunda akasogezwa pembeni. Aprili 2024 Benchikha naye akaondoka. Nani akaitwa? Mgunda yule yule! Akamaliza msimu, timu ikawa ya tatu, ikilingana pointi na Azam iliyokuwa ya pili na kuachwa kwa mabao tu. Julai akaja Fadlu.

Ndugu wanakijiji, mtu huyu kaitwa mara mbili kuzima moto, na mara zote mbili moto ulipozimika akasogezwa pembeni. Hatusemi Mgunda ni bora kuliko Fadlu. Hatuna mizani ya kulisema hilo. Tunasema hatuwezi kujua, kwa sababu mmoja kapewa maandalizi na usajili wake mwenyewe, mwingine kapewa ndoo ya maji. Ukitaka kulinganisha wakulima wawili, wape shamba sawa na mvua sawa. Huyu umempa tangu kupanda, yule umemwita kuvuna tu, kisha unasema yule hajui kulima. Hapana! Hiyo si haki.

Na timu ya taifa ni hivyo hivyo. Januari 2024 kule Ivory Coast, Adel Amrouche wa Algeria alipofungiwa na CAF, Hemed Suleiman ndiye aliyeshika timu, ikatoka sare na Zambia na Kongo. Novemba 2024 aliifunga Guinea 1 kwa 0 Dar es Salaam, Taifa Stars ikapata tiketi ya kwenda fainali za Morocco. Agosti 2025 akafika robo fainali ya CHAN. Novemba 2025, fainali za Morocco ziko mlangoni, akaondolewa, akapewa Miguel Gamondi.

Hapa tena tuseme kweli yote, maana kweli nusu ni uongo wenye miguu. Gamondi aliivusha Stars hatua ya makundi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tuliposhiriki kwanza kule Lagos mwaka 1980. Heshima yake apewe. Lakini chungu kilichopakuliwa na Gamondi kiliinjikwa na Hemed. Sisi tukila tumsifu aliyepakua, na tusimsahau aliyekesha jikoni na moshi machoni. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo inafaa kwa chakula. Kwa kazi za watu haifai.

Walakini tunawageukia na wale wa kambi ya wazalendo. Nanyi msitake mtu apewe kazi kwa sababu jina lake mnaweza kulitamka. Kufundisha mpira ni elimu. CAF inadai mwalimu mkuu awe na cheti cha daraja la juu, na cheti hakipatikani kwa kupiga kelele kijiweni. Sisi tulioshika kalamu ukubwani tunajua uchungu wa kusoma umechelewa, na tunajua pia kwamba inawezekana. Kumpenda mzalendo maana yake ni kutaka asomeshwe, apewe muda, kisha adaiwe matokeo kama mgeni anavyodaiwa. Kumpendelea bila kumdai ni kumdharau kwa njia nyingine.

Basi tuulizeje? Hapa chamani, tunapoajiri karani wa mizani, hatuulizi kabila lake wala hatuulizi kama anatabasamu vizuri. Tunauliza alikotoka aliacha hesabu gani. Tunauliza atafanya kazi na nani. Tunamwambia tangu siku ya kwanza tutampima lini na kwa kipimo gani. Maswali hayo hayo matatu yanamtosha mwalimu wa timu, awe ametoka Tanga au Brussels:

1. Alikotoka ameacha nini? Si makombe peke yake. Je, wachezaji wake vijana waliendelea? Timu ilisimama baada ya yeye kuondoka?

2. Anakuja kukuta nini? Wachezaji wamesajiliwa na nani, kwa shauri la nani? Mwalimu aliyepewa wachezaji asiowataka ni mpishi aliyepewa kuni mbichi.

3. Atapimwa lini? Kama ni misimu miwili, iwe miwili. Kisipoaminika kipimo chetu wenyewe, hata malaika akija tutamfukuza kwa sare mbili.

Na yako maswali mengine ambayo si ya mwalimu hata kidogo, ni ya viongozi. Timu hizi kubwa mbili, Simba na Yanga, zilizaliwa zikiwa mali ya wanachama, kama ushirika wetu. Mwanachama kazi yake si kuimba na kuzomea tu. Ni kuuliza mkutanoni: nani aliyemchagua huyu, kwa sababu gani, na kama amekosea, nani anawajibika? Maana tumeona, timu ikifungwa mwalimu anapanda ndege, lakini aliyemwajiri anabaki kitini akitafuta mwingine. Walimu wanane! Haiwezekani wote wanane wawe na makosa, na aliyewachagua asiwe na kosa hata moja. Mwenye kuchagua mbegu mbovu mara nane asilaumu mbegu.

Kwa hiyo basi, ndugu zetu, ubishi hatuukatazi. Mjadala ule utarudi, maana timu itafungwa tena na mwalimu ataondoka tena. Hilo halina shaka. Tunachoomba ni kwamba siku hiyo tubishane kama wenye mali, tusibishane kama watazamaji. Anayesema Mzungu atoe sababu. Anayesema mzalendo atoe sababu. Asiyekuwa na sababu aazime sikio, ni bure. Wala ubao huu usiandikwe kwa mkaa. Anayetaka kutujibu alete karatasi, tutaibandika hapa pembeni hata kama anatupinga.

Na ninyi wawili, mnajijua. Mwalimu mliyetukanana kwa ajili yake hakuja. Alikuja mwingine, naye ameshaondoka. Plau iko pale, maksai wako pale, na majani yanaota. Anayeanza kumpelekea mwenzake salamu ndiye mshindi, na bao hilo halina ugenini wala nyumbani.

Katibu